Mkia wa Shati Ukutani

Kambi ya wawindaji ya Bonde la Hemlock, kule milimani Pennsylvania, ina ukuta mmoja nyuma ya jiko la kuni ambao haujawahi kupakwa rangi, na wala hakuna aliyeona haja. Umejaa mikia ya mashati. Vipande vya flana, vyekundu, vya kijani, vingine vimeliwa na nondo mpaka vimebaki nyuzi, kila kimoja na msumari wake, jina la mwenyewe na mwaka. Sheria ni moja na ni fupi: kulungu mwenye pembe akisimama mbele yako halafu akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, mkia wa shati lako unakatwa mbele ya watu, unapigiliwa hapo, na hapo unabaki mpaka wajukuu zako waje wakucheke.

Kila aliyewahi kulala kwenye vitanda vya kambi ile alikuwa na mkia ukutani, wengine miwili, na Lamar Fetterolf, yule mwenye mdomo, alikuwa nayo mitano. Mtu mmoja tu hakuwa nao. Huyo alikuwa Cletus Bower, Clete kwa wenzake, mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na minne, aliyeitwa Risasi Moja kwa sababu kwa miaka thelathini aliingia msituni na risasi moja tu kwenye bunduki, na alitoka na nyama. "Mwanamume hahitaji mbili," alikuwa akisema. Akina baba waliwasimulia watoto wao habari zake kana kwamba alishakufa.

Kipande kipya kuliko vyote kilikuwa cha mwanamke. Kiliandikwa kwa kalamu nene: ARLENE, HOMA YA PEMBE.

Homa ya pembe, kwa asiyeijua, ni ule ugonjwa wa mtu kumwona kulungu mkubwa akaganda, mikono ikamtetemeka, akasahau hata jina la mama yake. Hakuna tusi baya kuliko hilo kambini. Kukosa shabaha ni bahati mbaya. Kuganda ni tabia.

Arlene Bower alikuwa mjane wa Merle, mdogo wake Clete. Merle alipofariki, kitanda chake kambini kilibaki kitupu, na wanaume wakapiga kura, tena baada ya mabishano ya siku mbili, kitanda apewe mkewe. Mwanamke wa kwanza. Bunduki ya Merle ilikwenda kwa binti yao Ohio, kwa hiyo Clete akamuuzia Arlene ya kwake, ile ile ya miaka yote, ya wenzo: unausukuma ule mkono wa chuma chini ya kitako, ganda linaruka nje, unaurudisha, risasi mpya inapanda. Clete mwenyewe, watoto wake walikuwa wamemnunulia mpya yenye darubini. "Chukua hii, shemeji," alimwambia. "Haijawahi kuniangusha."

Majira yote ya joto Arlene alilenga makaratasi kwenye shimo la changarawe, akiweka risasi moja, anapiga, anaweka nyingine. Alipiga vizuri. Msimu ulipofunguliwa, akajaza risasi sita kwenye bomba lililo chini ya mtutu kama mtu yeyote mwenye akili, chemba, pale risasi inapolipukia, akaiacha tupu, maana kambi hairuhusu risasi kuingia chemba mpaka umeona pembe. Saa mbili asubuhi pembe zikaja. Ncha nane. Kulungu akasimama hatua hamsini, ubavu wazi, anatafuna. Arlene akasukuma wenzo, akaurudisha, ukafika nusu njia ukakwama kama mlango ulioganda kwa barafu. Akavuta. Akasukuma. Kulungu akamtazama kama mtu anayesubiri basi lililochelewa, akamaliza kutafuna, akaondoka zake.

Kambini alieleza. Clete akaichukua bunduki, akatoka nayo nje, akatia risasi, akakoki, akalipiga kopo juu ya kisiki. Likaruka.

"Bunduki nzima," akasema. "Mkono ndio mgonjwa."

Wakacheka. Lamar akapiga magoti mbele ya Arlene kama daktari na kumpima mapigo. "Homa, jamani! Homa ya pembe!" Mkasi wa jikoni ukaletwa, na Clete akakata, ovyo, upande upande, kama anakata karatasi ya kufungia nyama. Hakuna aliyeuliza shati lile lilitoka wapi. Lilikuwa la Merle. Arlene ndiye aliyemshonea.

*

"Mimi ningewatukana," alisema Dolores Wanner, jirani yake. Walikuwa jikoni kwa Arlene, mwezi wa pili, theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha. "Ningewatukana mpaka jiko lizimike."

"Wangesema homa imepanda kichwani."

"Shoga, na wewe una hakika haikuwa homa? Nakuuliza mimi, siyo wao."

Arlene hakukasirika. Dolores alishona kola miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha mashati mjini, mpaka kiwanda kilipofungwa, na Arlene alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani pale pale, mwanamke pekee mwenye spana zake. Cherehani mia na arobaini. Wasimamizi walipokuja juu wakipiga kelele kwamba msichana fulani anakata uzi kila dakika, hajui kazi, afukuzwe, Arlene alikuwa akiwaambia neno moja: usimtukane mshonaji kabla hujafungua mashine. Mara tisa kati ya kumi msichana hakuwa na kosa.

"Sina hakika," alisema. "Ndiyo maana nataka kuifungua."

Bunduki ilikuwa mezani, juu ya taulo, kati ya birika na sahani ya keki. Lamar, ambaye alijijazia risasi zake mwenyewe kwenye banda lake, alikuwa amempa risasi bubu sita, ganda na kichwa tu, hazina baruti, zimetobolewa tundu ubavuni ili asije mtu akazichanganya. Alimpa kwa mzaha. "Za kufanyia mazoezi ya kutotetemeka, Arlene."

Akaziingiza zote sita. Akakoki. Ikakwama.

"Ehee!" Dolores akaruka.

"Tulia. Rudia." Akazitoa, akazirudisha, akakoki. Safari hii ikapita. Mara ya tatu ikakwama, ya nne ikakwama, ya tano ikapita. Arlene akaandika kwenye kalenda ya ukutani. Akampa Dolores. Dolores, ambaye hakuwa amewahi kushika bunduki, aliuvuta wenzo kama anavuta maji kisimani, kwa nguvu zote, na bado ikakwama.

"Siyo mkono basi," Dolores akasema.

"Siyo mkono wako. Bado sijajua kuhusu wangu."

Hivyo ndivyo alivyo. Wiki nzima alifanya kazi kama vile anafanya kiwandani, kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usiguse cha pili kabla cha kwanza hakijajibu. Alianza na risasi: pengine ni ndefu, pengine fupi. Akazipima, zikawa sawa. Akaja kwenye springi ndani ya bomba, ile inayozisukuma risasi nyuma. Akaichomoa, haikuwa imechoka wala kukatika. Bomba lenyewe akalipitishia kijiti cha mwavuli, halikuwa limebonyea popote. Parafujo za ubavuni zilikuwa zimekaza. Kila jioni Dolores alikuja na keki na umbea wa mtaa mzima, nani ameachana na nani, gari la nani limeonekana wapi, na kila jioni aliondoka na jibu lile lile: "Bado."

Kisha Arlene akakumbuka chaki.

Kiwandani, cherehani ikigonga mahali usipopaona, unapaka chaki ya fundi wa nguo, unazungusha gurudumu polepole, unafungua unatazama chaki imefutika wapi. Pale ndipo chuma kinapobusu chuma. Akapaka chaki ya buluu kila mahali. Akakoki mara tatu. Akafungua.

Ndani ya bunduki ya namna ile mna kijibamba kirefu kama ulimi, chenye kazi moja tu: kupokea risasi moja, kuinyanyua mpaka mdomoni mwa chemba, na wakati huo huo kuzuia ya pili isitoke kwenye bomba. Chini ya ule ulimi chaki ilifutika kwenye mstari mmoja mwembamba. Arlene akapitisha ukucha. Ukucha ukaingia. Kulikuwa na mfereji, umechimbwa na kona kali ya wenzo, kila siku kidogo, kwa miaka mingi.

"Njoo uone," akasema, na sauti yake ikabadilika mpaka Dolores akaacha uma. "Wenzo unausukuma ulimi juu, lakini sehemu ya kusukumia imelika. Ulimi unachelewa. Kidogo tu, unene wa uzi. Ndani ya kuchelewa huko, risasi ya pili inachungulia, inapenya chini ya ulimi. Ya kwanza juu, ya pili chini. Zimebanana kama wanene wawili mlangoni."

"Kama sindano na ndoano ya cherehani," Dolores akasema polepole. "Zisipokutana kwa wakati."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Akakaa. Akamimina kahawa, hakuinywa. Alikuwa amefurahi, maana ukuta mzima wa wanaume ulikuwa umesema uongo na yeye hakuwa mgonjwa. Lakini jambo jingine lilikuwa linamjia, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi.

"Dolores. Risasi ikiwa moja tu bombani, hakuna ya pili ya kupenya."

"Sawa."

"Kwa hiyo ikiwa na moja, haikwami kamwe."

Dolores akasukuma sahani ya keki pembeni. Ni mwanamke anayesikia umbea hata ukiwa bado unavaa viatu. "Risasi Moja," akasema. "Mungu wangu. Risasi Moja!"

"Mwaka jana aliipima kwa kopo. Niambie alitia ngapi."

"Moja!"

"Moja."

Dolores alitaka kupiga simu papo hapo, kwa dada yake, kwa mke wa Lamar, kwa kinyozi. Arlene aliweka kiganja juu ya simu. "Ukisema, nitakuwa nimeshinda kwa mdomo. Nilikatwa mkia kwa mkasi mbele ya watu. Nataka urudi mbele ya watu."

"Basi usiitengeneze. Ukiitengeneza, ushahidi umekwisha. Watasema si inafanya kazi, sasa mwaka jana je?"

Hilo lilikuwa neno la akili, na Arlene alilichukua. Akaagiza ulimi mwingine, uliotumika, kwa muuza vipuri wa jimbo la pili. Nao ulikuja na mfereji wake mdogo. Akauziba kwa kipande cha chuma chembamba alichokata kwenye springi ya kibweta cha uzi wa chini cha cherehani ya kiwandani, akakiunga kwa lehemu ya fedha, akakipiga tupa mpaka kikalala sawasawa. Kona ya wenzo akailainisha kwa jiwe la mafuta isije ikachimba tena. Akajaza risasi bubu sita, zikiisha anajaza tena. Akakoki mara mia. Dolores alihesabu, akala keki nusu. Haikukwama hata mara moja.

Ule ulimi wa zamani akaufunga kwenye leso, akautia kwenye kikebe cha vifungo.

*

Jumapili ya kabla ya kufunguliwa msimu, saa nane mchana, kambi ilikuwa imejaa. Makoti ya rangi ya chungwa yananing'inia kila msumari, sufuria ya maharage jikoni, mtungi wa mayai ya kuchemsha, mekundu kwa kulowekwa kwenye siki na bitiruti, unazunguka mkono kwa mkono. Arlene aliingia amevaa shati la Merle, nyuma limekatika, fulana inaonekana mgongoni.

"Karibu, mgonjwa!" Lamar akapaza sauti. "Umekuja na dawa?"

"Nimekuja na mashine, Lamar. Nipishe meza."

Akatandika taulo. Akafungua bunduki, akawaonyesha wote kwamba ni tupu, chemba na bomba. Akatoa parafujo moja, akauchomoa wenzo, akachomoa ulimi aliouziba, akaweka ule wa zamani. Hakusema anafanya nini. Mikono yake ilifanya kama mikono inayosuka nywele, na kelele zikapungua zenyewe, maana wanaume wale wanaijua kazi wakiiona. Alipofunga, akapanga risasi bubu sita mezani, tundu juu.

"Shemeji Clete," akasema. "Hii ndiyo bunduki yako, kama ulivyoniuzia. Nijazie."

Mzee Clete alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Aliinuka, akaja, akaipokea. Akaokota risasi moja, akaiingiza. Akashika wenzo.

"Sita, shemeji. Bomba linabeba sita."

"Moja inatosha kuonyesha."

"Inatosha kuonyesha moja."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akaona amecheka peke yake, akanyamaza. Lamar alisogea, yai jekundu mkononi. "Mjazie tu, mzee. Ziishe hizi habari. Aone mwenyewe kwamba inapita."

Clete alizitazama zile tano zilizobaki mezani. Arlene alimtazama yeye. Angeweza kusema yote hapo hapo. Maneno alikuwa nayo tangu mwezi wa pili, yamekaa tayari. Aliona vidole vya mzee vikiokota risasi ya pili, vikaishika, vikairudisha mezani. Vilikuwa vinatetemeka, na hakukuwa na pembe hata moja ndani ya chumba.

"Itakwama," Clete akasema.

"Nini?" Lamar akauliza.

"Ukiijaza inakwama. Siku zote imekuwa ikikwama." Akaiweka bunduki juu ya taulo, taratibu, kama anaweka mtoto. "Mwaka sitini na moja. Kulungu wa ncha kumi, kule juu ya chemchemi. Nilikuwa na sita bombani. Ikabana, na akaondoka. Baba alikuwa amekaa hapo, kwenye kiti hiki. Niliogopa kumwambia. Nikasema sikuona kitu. Kesho yake nikatia moja, nikaua. Wakauliza, risasi moja tu? Nikasema mwanamume hahitaji mbili." Akajifuta mdomo. "Jina likanikaa vizuri, kama koti. Hata wewe usingelivua."

"Na mimi je?" Arlene akasema. "Uliniuzia. Ulisema haijawahi kukuangusha."

"Nilitaka kukwambia utie moja. Kila siku nilitaka. Halafu ungeuliza kwa nini." Alinyanyua macho, akayapeleka ukutani, kwenye kile kipande cha ARLENE. "Halafu ikakwama, na wote wakanitazama mimi niseme. Nikatia moja. Nilijua ninachokifanya, shemeji. Siwezi kusema sikujua."

Lamar ndiye aliyetangulia kusema, na kwa mara ya kwanza tangu kambi ijengwe hakuanza kwa mzaha. "Subiri kidogo. Kwa hiyo miaka thelathini, mzee, uliwinda na bunduki mbovu, risasi moja, na hukukosa?"

"Sikukosa."

"Basi wewe ni hatari kuliko tulivyokuwa tukisimulia!"

Kicheko kikapasuka, cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Hata Clete akatabasamu upande. Arlene naye alicheka, maana ilikuwa kweli, na sifa ya kweli haikatazwi. Lakini alipomaliza kucheka aliingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi. Haukuwa wa jikoni. Ulikuwa wa kiwandani, mrefu, mweusi, makali yake yakisikika yakifunguka.

"Ni kweli," akasema. "Lakini mkia ni mkia. Kulungu wa ncha kumi alisimama, akaondoka kwa miguu yake. Sheria haina mwaka wa mwisho."

Hakuna aliyebisha. Clete Bower, Risasi Moja, mwenyekiti, aligeuka mwenyewe, akachomoa shati kwenye suruali, akainama kidogo akishika meza. Arlene alipapasa flana, akatafuta nyuzi zinavyokwenda, akakata. Mstari mmoja, umenyooka, haukupinda hata kidogo, kama alivyowafundisha wasichana mia moja. Mzee aligeuza kichwa juu ya bega, akakiangalia kipande chake.

"Wangu uliupinda," Arlene akamwambia.

"Niliupinda," akakubali. "Merle angenipiga."

"Angekupiga."

Clete ndiye aliyepanda juu ya benchi, kwa miaka yake yote ile, akaung'oa ule wa Arlene na kupigilia wake msumari ule ule. Akaandika mwenyewe: CLETE, 1961. Kisha akasimama akifikiri, akaongeza chini yake: NILINYAMAZA. Arlene hakuwa amemwomba hilo.

Wengine wakisukumana kwenye maharage, Arlene alilivua shati la Merle, akakaa dirishani na sindano na uzi mwekundu, akalirudishia mkia wake. Alipindua kingo mbili akazipiga mshono mara mbili, wa kudumu, na hakuuficha. Lamar alimletea sahani. Akasimama kidogo, akikwaruza kichwa.

"Arlene. Bunduki yangu nayo inabana bana. Nilidhani ni mimi."

"Umeifungua?"

"Hapana."

"Basi hujui kama ni wewe. Ilete kesho jioni."

*

Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi ya kukausha pua. Arlene aliegemea mti wa hemlock pale pale aliposimama mwaka uliopita, ulimi uliozibwa umerudi ndani ya bunduki, sita bombani, chemba tupu. Msitu wa nyuma ya kambi una msemo wake: mlio mmoja, nyama; miwili, labda; mitatu, upepo. Alijua kambi nzima inasikiliza upande wake.

Pembe zilikuja saa tatu. Ncha sita, siyo nane, mnyama mnene wa shingo. Arlene akasukuma wenzo, akaurudisha. Ulipita. Kulungu alinyanyua kichwa, na yeye akalenga nyuma ya bega, akapiga mara moja. Mlio ulikwenda ukarudi kutoka ng'ambo ya bonde. Mnyama alikwenda hatua nne akalala.

Hakukuwa na haja ya risasi ya pili. Arlene alingoja, akahakikisha hasogei. Ndipo akausukuma wenzo tena, taratibu, kwa ajili ya kusikiliza tu. Ganda liliruka, likafuka moshi kwenye theluji. Ulimi ukapanda na mzigo wake mmoja, kwa wakati wake, nayo ya nyuma yake ikangoja bombani kwa adabu. Risasi ya pili ikaingia chemba bila kusita.

"Ehee," akasema Arlene, peke yake msituni. Akaitoa risasi ile, akaitia mfukoni, akachomekea vizuri mkia wa shati, akaenda kumchukua kulungu wake.